Tuukague uso wa mizani kabla ya kuyalaumu macho

Kwetu sisi kosa la kusoma kipimo lina mwenyewe siku zote. Karani akiandika kilo 67 badala ya 76, twasema karani mzembe. Dereva asipoona kuwa geji ya joto la injini imepanda, twasema alikuwa amesinzia. Abiria akifika stendi basi limekwisha ondoka, twasema huyo hajui kusoma saa. Ni mara chache mno mtu kuuliza swali la pili: je, kile kipimo chenyewe kilichorwaje? Tarakimu zake zilisomeka? Mshale wake ulionyesha kile ambacho msomaji alitaka kukijua, au ulionyesha jambo jingine?

Leo nataka tuliulize swali hilo la pili. Tutaanzia hapa kwetu Korogwe na Handeni, kwenye saa na mizani, kisha tutatoka nje kidogo, kwani wenzetu walilichunguza suala hili baada ya kupoteza watu wengi. Halafu turudi nyumbani, maana ndani ya swali hilo mna fedha za wakulima na mna roho za watu.

Tuanze na saa. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Kazi ilikwenda kwa kusuasua, fedha zikaisha na kutafutwa tena, hata treni ikafika Korogwe mwaka 1902, na mwaka 1912 njia ikafunguliwa hadi Moshi. Pamoja na reli ilikuja ratiba, na pamoja na ratiba ilikuja saa ya ukutani. Wazee wetu walikuwa wakihesabu saa tangu zamani, lakini walihesabu kuanzia macheo na machweo. Jua likichomoza, saa moja baadaye ni saa moja. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa katika nchi iliyo karibu na Ikweta, ambako urefu wa mchana na usiku haupishani sana mwaka mzima. Mzungu yeye alihesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, na uso wa saa yake ulichorwa kufuata hesabu hiyo.

Basi ikawa mshale mfupi umesimama kwenye 7, na mdomo unatamka saa moja. Ukifikiri vizuri utaona kuwa hilo ni jambo la ajabu: kipimo kinaonyesha namba moja na msomaji anataja nyingine. Watu wetu walilitatua bila kufundishwa na yeyote. Mtoto wa Kizigua au wa Kisambaa anayejifunza saa ya mishale hupewa siri moja tu: tazama mshale mfupi unakoelekea, kisha soma namba iliyo upande wa pili. Mkabala wa 7 ni 1. Mkabala wa 8 ni 2. Mkabala wa 10 ni 4. Mtoto hafanyi hesabu ya kutoa hata kidogo. Jicho lake linavuka uso wa saa na kusoma. Uso ule wa mviringo, kwa bahati tu, ulitufaa sisi kuliko yule aliyeuchora alivyowazia.

Halafu zikaja saa za tarakimu, na baadaye simu za mkononi. Kioo kinaandika 7:00, basi. Hakuna tena upande wa pili wa kutazama, na mtu analazimika kutoa sita kichwani. Kioo kikiandika 19:00 kazi inazidi: utoe sita upate 13, kisha utoe 12 ndipo upate saa moja usiku. Saa ni sahihi hadi sekunde, lakini msomaji ameongezewa kazi, na kila kazi ya ziada ni mlango wa kosa. Ndiyo maana mpaka leo tiketi ya basi iliyoandikwa “6:00” bila maelezo huleta ugomvi. Mmoja amesoma saa 12 alfajiri, mwingine amesoma saa 6 mchana, na wote wawili wanajua kusoma.

Kule Unguja walichukua njia nyingine. Saa ya mnara wa Beit al-Ajaib, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, ilitegwa kufuata hesabu ya Kiswahili, hivyo mshale ulionyesha saa ile ile ambayo mtu wa mjini aliitamka. Hizo ndizo njia mbili zilizopo tangu zamani: ama unamrekebisha mtu akubaliane na kifaa, ama unarekebisha kifaa kikubaliane na mtu. Njia ya kwanza inaonekana rahisi kwa sababu gharama yake hailipwi na fundi. Inalipwa na msomaji, kidogo kidogo, kila siku.

Sasa tuje kwenye mizani. Kabla mizani haijaenea, nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Baadaye likaja debe, lile lile la mafuta ya taa, la galoni nne. Vipimo hivi vina dosari zake, kwani debe lililojazwa hadi kuwa na kilima si sawa na debe lililofutwa kwa mti, na gunia la lumbesa ni mtoto wa kilima hicho. Lakini vilikuwa na sifa moja kubwa: muuzaji na mnunuzi waliona kitu kile kile kwa wakati ule ule. Asiyejua kusoma aliona kwamba debe limejaa. Wizi ukitokea, ulitokea mbele ya macho yake, na aliweza kubisha.

Katika mashamba ya mkonge ya Korogwe palikuwa na kipimo kingine cha namna hiyo, nacho ni kipande. Tunakikumbuka kipande kwa uchungu, na ndivyo inavyostahili. Manamba walitoka mbali, na mtu asiyemaliza kazi aliyopangiwa hakuhesabiwa siku ile. Alilipwa baada ya kutimiza siku 30 za kazi, si siku 30 za kalenda. Lakini tazameni sura ya kile kipande: siku 30 zilizopangwa, kila moja ikitiwa alama. Mtu ambaye hakuwahi kukaa darasani aliweza kuhesabu kwa kidole siku zilizojazwa na zilizobaki. Aliweza kumwambia mnyapara, “Jana nilimaliza, mbona hapa ni patupu?” Mfumo ulikuwa wa kumkandamiza, lakini uso wa kipande ulimwachia silaha moja ndogo, nayo ni kuweza kusoma deni lake mwenyewe.

Mizani ya mshale ilikuja bila silaha hiyo. Fikirini ile mizani ya kuning'iniza, yenye uso wa mviringo kama saa. Uso ni mmoja, na unaelekea upande mmoja. Karani anasimama mbele. Mkulima anasimama nyuma au ubavuni, ameshika gunia lake. Mshale wenyewe haukugandamana na uso, umeachana nao kidogo, kwa hiyo anayetazama kutoka pembeni au kutoka chini huona mshale umeangukia alama nyingine. Wawili wanaweza kutazama mshale mmoja na kutaja namba mbili, pasipo hata mmoja wao kusema uongo. Kama kila alama ni nusu kilo, na mzigo ni mmoja, tofauti ni ndogo. Kama mizigo ni 40, tofauti ni kilo 20, na hizo ni chakula cha nyumba kwa siku kadhaa.

Zilikuwapo pia mizani zenye duara mbili juu ya uso mmoja, moja ya pauni na nyingine ya kilo. Nchi yetu ilipoacha pauni na kushika kilo baada ya Uhuru, macho yaliyozoea duara moja yalitakiwa kuhamia nyingine. Mzigo wa kilo 50 ni pauni 110. Jicho likiteleza kutoka duara hadi duara, kosa lake si la alama moja, ni la zaidi ya mara mbili.

Wakulima wa pamba wa Usukumani walilielewa jambo hili mapema kuliko maofisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakiwa wamechoshwa na mizani za wanunuzi, walianza kuweka watu wao wenyewe wa kusimama penye mizani na kusoma. Kutokana na vuguvugu hilo, Paul Bomani na wenzake waliunda chama cha wakulima cha Jimbo la Ziwa mwaka 1952, na mwaka 1955 ukasimama muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, ambao ulikuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Ushirika ule mkubwa mzizi wake mmojawapo ulikuwa swali dogo: nani anauona mshale?

Labda msikilizaji atasema: hayo ni mambo ya wizi na dhuluma. Mtu mwaminifu, mwenye macho mazima na mafunzo ya kutosha, sura ya kipimo itamdhuru nini? Swali hilo ni la haki, na jibu lake lilipatikana vitani.

Katika Vita Kuu ya Pili jeshi la anga la Marekani lilipoteza ndege nyingi ambazo hazikupigwa na adui. Taarifa baada ya taarifa iliandika maneno yale yale, “kosa la rubani.” Vita vilipokwisha, wanasaikolojia Paul Fitts na Richard Jones, katika maabara ya jeshi huko Ohio, waliwataka marubani waeleze makosa waliyoyafanya au kuyaona. Mwaka 1947 walitoa ripoti iliyokusanya visa 270 vya kusoma vibaya vipimo vya ndege. Walipovipanga waliona kwamba makosa hayakutawanyika ovyo. Yalirundikana kwenye vipimo vile vile, yakafanywa na watu tofauti, wazuri na wabaya, kwa namna ile ile. Kosa la mtu mmoja laweza kuwa uzembe wake. Kosa moja linalorudiwa na watu 50 wasiofahamiana lina chanzo nje ya vichwa vyao.

Mkosaji mkuu alikuwa kipimo cha kimo, yaani kile kinachomwambia rubani yuko futi ngapi juu. Kilikuwa na mishale mitatu juu ya uso mmoja: mmoja wa mamia, mmoja wa maelfu, mmoja wa makumi elfu. Mwaka 1949 mtafiti Walter Grether alichapisha majaribio yake. Alichora vipimo vya kimo vya namna mbalimbali, akawapa marubani wavisome, huku akihesabu sekunde na makosa. Kile cha mishale mitatu kiliwachukua takriban sekunde 7 kukisoma, na zaidi ya mara moja katika kila mara kumi walikosea kwa futi 1,000 au zaidi. Kile kilichoandika namba moja kwa moja, kama ile mita ya kilomita katika gari, kilisomwa kwa chini ya sekunde 2, na makosa makubwa yakawa chini ya moja katika mia. Waliosoma walikuwa marubani, si wanafunzi wa jana. Kilichobadilika ni uso wa kipimo tu.

Hata hivyo kipimo cha mishale mitatu kiliendelea kurushwa angani. Tarehe 24 Desemba 1958 ndege aina ya Britannia ya shirika la BOAC ilianguka kusini mwa Uingereza ikiwa katika safari ya majaribio. Watu 9 kati ya 12 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba kipimo kilisomwa kimakosa kwa futi 10,000. Waliamini wako juu sana, kumbe ardhi iko karibu. Miaka 9 ilikuwa imepita tangu majaribio ya Grether yachapishwe.

Na jirani zetu nao wana yao. Tarehe 20 Novemba 1974 ndege kubwa ya Lufthansa aina ya Boeing 747 ilianguka mara tu baada ya kuruka Nairobi, ikielekea Johannesburg. Ndani yake walikuwamo watu 157, wakafa 59. Uchunguzi ulifanywa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya kwanza, kabla haijavunjika mwaka 1977. Ilionekana kwamba vibawa vya mbele ya bawa, vinavyoisaidia ndege kupaa ikiwa na mwendo mdogo, havikufunguka, kwa sababu mfumo wa hewa unaovisukuma haukuwa umewashwa. Hilo lilikuwa kosa la watu. Lakini wachunguzi hawakuishia hapo. Waliandika pia kwamba sababu kubwa iliyochangia ni kukosekana kwa onyo la kuwaambia marubani hali ile ya hatari. Ndege ilikimbia njia nzima ya kurukia bila king'ora kulia. Baada ya ajali hiyo, onyo likaongezwa katika ndege za aina ile. Mhandisi wa ndege alifikishwa mahakamani kwao Ujerumani, akaachiwa huru.

Kisa cha mwisho cha nje ni cha mwaka 1979, katika kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani. Taa moja katika chumba cha mitambo ilizimika, na wafanyakazi wakaelewa kwamba vali imefungwa. Kumbe taa ile haikuonyesha vali iko namna gani. Ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imetumwa. Vali ilibaki wazi, maji ya kupooza yakavuja kwa saa mbili na zaidi, na kinu kikaharibika. Wafanyakazi wale waliisoma taa sawasawa. Taa ndiyo iliyojibu swali ambalo hawakuuliza.

Kisa hicho hakiko mbali nasi kama inavyodhaniwa. Hapo Hale, wilayani Korogwe, kuna mitambo ya umeme iliyojengwa chini ya ardhi, inayosukumwa na maji ya mto Pangani tangu mwaka 1964, yenye uwezo wa megawati 21. Chini yake kidogo mtoni ikaongezwa mitambo mipya ya Pangani mwaka 1995, megawati 68. Kila mtambo wa namna hii duniani huendeshwa na watu waliokaa mbele ya geji na taa, wasioweza kuuona mto wala mashine kwa macho yao. Kwao, geji ndiyo mto. Nasi twahitaji kuuliza swali la Three Mile Island kila tunaponunua mtambo, wa umeme, wa maji au wa hospitali: je, taa hii inaonyesha kilichoamriwa, au inaonyesha kilichotendeka?

Sisi watu wa redio tuna kipimo kimoja kilichochorwa kwa hekima. Ni kile kimita cha sauti kwenye meza ya studio, kilichokubaliwa na makampuni ya Marekani mwaka 1939. Mshale unachezacheza, na mwisho wa njia yake umepakwa rangi nyekundu. Mtangazaji anayesoma habari hana nafasi ya kusoma namba. Anaona kwa pembe ya jicho tu kwamba mshale umeingia kwenye nyekundu, anarudi nyuma kidogo kutoka kwenye kipaza sauti. Namba ni bora pale unapotaka kujua kiasi hasa. Mshale ni bora pale unapotaka kujua jambo linapanda au linashuka, liko salama au limevuka mpaka. Hakuna uso mmoja unaofaa kazi zote, na ndiyo maana ni lazima anayenunua kifaa amjue anayekitumia.

Sasa turudi kwenye magulio yetu. Mizani za tarakimu zimefika Handeni na Korogwe, na kwa kipimo cha Grether ni hatua mbele. Namba inasomeka haraka, haina ubishi wa pembeni na mbele, haina duara mbili. Lakini zimeleta giza lake. Katika mizani ya mshale, kabla mzigo haujapandishwa, kila mtu aliona kama mshale umelala kwenye sifuri. Katika mizani ya tarakimu, sifuri ni neno la kioo tu. Kitufe kimoja hufanya uzito wowote uitwe sifuri. Na kama kioo kiko upande wa mnunuzi peke yake, mkulima amerudishwa kule kule nyuma ya mizani ya kuning'iniza, safari hii bila hata mshale wa kuchungulia.

Wakala wa Vipimo hukagua mizani na kubandika stika, na kazi hiyo ni ya lazima. Lakini stika husema kwamba mizani ni sahihi. Haisemi kwamba mkulima anaiona. Mizani sahihi isiyoonekana na muuzaji ni nusu ya haki. Zipo mizani zenye kioo pande mbili, zinauzwa madukani. Halmashauri na vyama vya ushirika vinaweza kudai mizani ya namna hiyo kila penye ununuzi wa mazao. Na hadi hapo zitakapopatikana, mkulima adai mambo matatu kabla gunia halijapanda: aione sifuri kwa macho yake, asimame mahali anapoiona namba, na namba itamkwe kwa sauti kabla haijaandikwa. Hayo hayahitaji bajeti.

Na wewe karani, wewe dereva, wewe muuguzi: ukikosea kusoma, kiri. Lakini ukiona kwamba mwenzako naye alikosea hapo hapo, na wa kabla yenu pia, usinyamaze kwa kuogopa kuitwa mzembe. Andika kwa mkubwa wako kwamba kifaa hiki kinasomeka vibaya, na ueleze kinasomeka vibaya vipi. Ripoti ya mwaka 1947 haikuandikwa na mabingwa peke yao; iliwezekana kwa sababu marubani walipata mahali pa kusema. Ofisi zetu nyingi bado hazina mahali hapo, na kuanzisha daftari moja la makosa ya vipimo, lisilo la kumfukuzisha mtu kazi, kungegharimu bei ya daftari.